Kabla ya kununua Wi-Fi ya meshi, vuta waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaofikiria kununua Wi-Fi ya meshi, yale maboksi mawili au matatu yanayouzwa pamoja ili intaneti ifike nyumba nzima. Ushauri unaosikika zaidi madukani ni kwamba nyumba ikiwa kubwa, ongeza maboksi. Ushauri huo unawatia watu hasara. Kinachoamua kama meshi itafanya kazi ni njia ambayo maboksi yanatumia kupeana data yenyewe kwa yenyewe, na katika nyumba zetu za tofali na zege njia ya uhakika ni waya.

Boksi la kwanza huchomekwa kwenye kifaa cha faiba, kile kinachofungwa na mtoa huduma ya intaneti. La pili, kama halina waya, hupokea data hewani kutoka la kwanza, kisha huirusha tena hewani hadi kwenye simu yako. Meshi nyingi za bei nafuu zina bendi mbili tu za mawimbi, GHz 2.4 na GHz 5, na redio ileile ya GHz 5 ndiyo inayobeba kazi zote mbili. Redio haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, kwa hiyo kila data inapita hewani mara mbili na spidi inashuka karibu nusu. Boksi la tatu likiungwa kupitia la pili, inashuka tena. Meshi za bendi tatu zina redio ya ziada kwa ajili ya mawasiliano ya maboksi, nazo zinasaidia kweli, lakini bei yake iko juu na ukuta unabaki palepale.

Ukubwa wa eneo ulioandikwa kwenye boksi hauhesabu kuta zako. Ukuta wa tofali la inchi 6 uliopigwa plasta pande zote mbili unakula sehemu kubwa ya mawimbi ya GHz 5. Kuta mbili mfululizo huacha kidogo sana, na jamvi la ghorofa lenye nondo ni baya zaidi. Kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, au Mji wa Kale, Mombasa, ambako ukuta unaweza kufika unene wa nusu mita, mawimbi hupita mlangoni na dirishani kuliko ukutani. Milango ya chuma, mapaa ya bati, vioo vikubwa na tangi la maji navyo huzuia.

Kwa hiyo pima kwanza. Unganisha kompyuta kwa waya kwenye kifaa cha faiba, upime spidi. Kama umelipia kifurushi cha megabiti 20 na waya unakupa 8, tatizo liko kwa mtoa huduma na meshi haitaliondoa. Kama waya unatoa spidi kamili, pakua kwenye simu programu ya kupima nguvu ya Wi-Fi kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), uzunguke chumba kwa chumba. Namba ni hasi, na ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa simu ya video, -75 kwenda chini utalalamika kila siku. Andika namba za kila chumba kwenye karatasi. Mara nyingine karatasi hiyo itakuonyesha kwamba huhitaji meshi kabisa, bali kifaa cha faiba kilichosukumwa kwenye kona ya nyumba, nyuma ya televisheni, kihamishiwe katikati. Kama giza, yaani mahali Wi-Fi haifiki vizuri, liko chumba kimoja tu, ruta ya zamani iliyounganishwa kwa waya inatosha: ipe anwani ya mtandao (IP) isiyogongana na ya kifaa cha faiba, zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, chomeka waya kwenye poti (tundu la waya) ya LAN, ya vifaa vya ndani, badala ya WAN, ya kuingizia intaneti.

Ukishaamua kununua, acha kuhesabu antena, soma poti. Meshi za TP-Link, Deco E4 na Deco M4, zote zimeandikwa AC1200, lakini poti za E4 zinaishia megabiti 100 kwa sekunde, za M4 zinafika gigabiti 1. Hiyo 1200 yenyewe ni jumla ya megabiti 300 za GHz 2.4 na 867 za GHz 5, ikakuzwa kidogo. Simu yako inatumia bendi moja kwa wakati mmoja na haitaiona namba hiyo kamwe. Kwa kifurushi cha megabiti 20 hadi 50, Wi-Fi 5, toleo linalotangulia Wi-Fi 6, yenye poti za gigabiti inatosha. Wi-Fi 6 nunua kama nyumba ina vifaa vingi vinavyotumika kwa pamoja. Hakikisha maandishi yanasema wazi kwamba maboksi yanaweza kuunganishwa kwa waya. Na usichanganye kampuni. Upo utaratibu wa EasyMesh wa kuunganisha vifaa vya watengenezaji tofauti, lakini maboksi ya familia moja yana usumbufu mdogo.

Waya ndio sehemu ambayo mafundi wanaiharibu kwa kubana matumizi. Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e unabeba gigabiti 1 hadi mita 100, hivyo huhitaji wa bei kubwa zaidi. Muhimu iwe shaba tupu. Sokoni umejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, ambao ni mwepesi na hukatika ukikunjwa. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha ndani, urudishe. Kufunga vichwa, vile vya plastiki vya kuchomeka, fuata mpangilio wa rangi uitwao T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia usipogusa, intaneti itafanya kazi kama kawaida ila itakwama megabiti 100, na mtu ataishia kulaumu boksi. Tumia kipimo cha waya chenye taa nane kabla fundi hajaondoka.

Pasipowezekana kuvuta waya, kosa linalorudiwa kila mahali ni kuweka boksi la pili ndani ya chumba chenye giza. Hapo linapokea mabaki na kuyagawa. Liweke njiani, mahali ambapo programu ya simu inasoma kati ya -60 na -65 kutoka boksi la kwanza, likiwezekana likitazamana na mlango au korido, juu ya meza au rafu, mbali na friji na maikrowevu. Nyumba ya chini yenye vyumba vitatu kwa kawaida inatosheka na maboksi mawili. Ukizidisha, yote yanagombania chaneli moja.

Kwenye mipangilio, kama kifaa cha faiba ndicho kinachogawa anwani, meshi iwekwe katika hali ya akses pointi, yaani irushe Wi-Fi tu bila kugawa anwani. Ikiachwa katika hali ya ruta, unapata mitandao miwili iliyopangana: kamera iliyobaki kwenye Wi-Fi ya kifaa cha faiba haitaiona printa iliyo kwenye meshi, na michezo ya mtandaoni inasumbua. Zima pia Wi-Fi ya kifaa cha faiba, la sivyo simu zitaendelea kuing'ang'ania. Kamera na balbu nyingi zinajua GHz 2.4 peke yake, na baadhi zinaikataa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, kwa hiyo chagua WPA2 iliyoitangulia.

Umeme nao upangiwe, maana ukikatika, boksi la ghorofani linazima hata kama la chini lina betri. Soma volti kwenye kila adapta, kwa sababu si zote ni 12, na UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti isiyolingana inaweza kuunguza kifaa. Betri iliyoandikwa mAh 8,800 inahesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 32 hivi. Baada ya upotevu zinabaki kama 27. Kifaa cha faiba na boksi moja vikila wati 14 kwa pamoja, utapata chini kidogo ya saa mbili.

Kwa anayejenga, namsihi azungumze na fundi umeme kabla ya plasta. Paipu ya milimita 25 kutoka pale faiba itakapoingilia hadi sebuleni, na nyingine hadi kila ghorofa, ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na kuja kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Zisichanganywe na paipu za umeme, kona ziwe za kupinda taratibu, na ndani yake iachwe kamba ya kuvutia. Waya upitishwe bila vichwa, vifungwe baadaye.

Fundi wa mitandao ya majumbani,
Dar es Salaam