Barua kwa Shangazi aliyeniuliza kwa nini nililipa nauli ya ndege ili nikatembee

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na kamwene kwa wote waliopo hapo nyumbani.

Siku ile ya kipaimara cha mjukuu wako uliuliza, mbele ya ukoo mzima na majirani, mtu mwenye akili zake anawezaje kulipa nauli ya ndege hadi Ulaya ili akatembee kwa miguu, na watu wakacheka hadi mimi mwenyewe nikacheka. Kwa kuwa swali liliulizwa hadharani, nimeona si vibaya nikalijibu hadharani, ingawa najua barua hii utasomewa na binti yako kwenye simu yake huku ukipukuchua mahindi na kumkatiza kila baada ya sentensi mbili.

Kwanza nakiri kwamba kuhusu umbali huna ulipokosea. Njia niliyoipita ni ya mahujaji, inatoka Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, hadi rasi ya Fisterra kwenye Bahari ya Atlantiki, na urefu wake ni kilomita 90 hivi, ambazo nilizigawa kwa siku nne. Wewe na Bibi mlikuwa mkitoka Kilolo usiku wa manane na kuingia sokoni Iringa siku hiyo hiyo, kila mmoja na mzigo wake wa maharage juu ya ngata. Mimi nilibeba begi la mgongoni lenye fulana mbili, taulo na koti la mvua, na siku ya pili nikalipa euro chache begi hilo likatangulizwa kwa gari hadi mahali nilipokusudia kulala. Hapo najua utamwambia binti yako arudie kusoma.

Ulisema pia kwamba hija huishia kwenye kaburi la mtakatifu, si ufukweni. Ni kweli kwamba wengi huishia Santiago, kwa sababu ndani ya kanisa kuu la mji huo ndimo linamoaminika kuwamo kaburi la Mtume Yakobo mwana wa Zebedayo, ambalo Wakristo wamekuwa wakiliendea tangu karne ya 9, na hapo ndipo hujaji anapopewa cheti chake kilichoandikwa kwa Kilatini. Wanaoendelea hadi baharini ni wachache. Jina Fisterra linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya mwisho wa nchi, ingawa kwa ramani ya leo hata ndani ya Hispania bara kuna rasi ya Touriñán iliyochomoza magharibi zaidi. Lakini jina likishashika limeshika, na hakuna hujaji niliyemwona akibishana na ramani.

Nilitembea mwezi wa Oktoba, wakati wa manyunyu. Ukishavuka daraja la mawe la Ponte Maceira, juu ya mto Tambre, na kulala Negreira, kesho yake unapita kwenye miti ya milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa safu kwa safu, na ukungu wa asubuhi ukikaa juu yake ungeapa kwamba uko Mufindi. Tofauti ni kwamba pale huulizi njia, kwa sababu kila penye njia panda pana mshale wa manjano kwenye jiwe, ukuta au nguzo ya umeme. Mishale hiyo ilianza miaka ya 1980, pale padri Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro, alipoanza kuipaka mwenyewe kwenye njia ya kwenda Santiago, kisha desturi ikaenea.

Nilichotamani ukione kwa macho yako ni vihenge vyao. Wenyewe huviita hórreo. Ni vijumba vyembamba na virefu, vingi vya mawe matupu, vilivyosimamishwa juu ya miguu ya mawe, na kati ya mguu na sakafu hulazwa jiwe bapa lililotokeza pande zote, ili panya akipanda afike hapo ashindwe kugeukia juu. Kuta zina nyufa zilizoachwa makusudi kupitisha upepo, kwa sababu nchi yao ina mvua na mahindi huoza upesi, na juu ya paa huwekwa msalaba, kana kwamba panya wa huko nao ni wa kuombewa. Katika kijiji cha Olveiroa vimesimama kila upande. Nilichungulia kwenye ufa wa kimoja nikaona mahindi ya njano yakiwa bado kwenye magunzi, na nikakumbuka dari la jiko lako.

Ila nilifika Olveiroa nikichechemea. Siku hiyo ya pili ni ya kilomita 33 hivi, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya, jambo ambalo kila mtu alinikataza. Visigino vyote viwili vilitoka malengelenge makubwa kama maharage yaliyolowekwa. Mama mmoja wa makamo, hujaji kama mimi, ambaye hatukuelewana hata neno, alinikalisha kwenye benchi, akachoma sindano kwa kiberiti, akapitisha uzi wa pamba ndani ya lengelenge kutoka upande huu hadi ule na kuuacha humo ili maji yatoke taratibu usiku kucha. Alikuwa amenishika kifundo cha mguu na kukibana chini ya kwapa lake, vilevile ulivyokuwa ukinibana wewe ukinitoa funza kwa pini, na nilipojaribu kuuvuta mguu alinikaripia kwa sauti ile ile yako.

Siku ya tatu, baada ya kijiji cha O Hospital, njia inagawanyika: kulia unakwenda Muxía, kushoto Fisterra. Nilishika kushoto, nikatembea masaa mengi bila kukuta duka wala nyumba, ila makanisa madogo mawili porini, hadi bahari ikatokea chini ya mlima, ya kijivu, ikiwa imekaa kimya. Kesho yake nilivua viatu na kutembea peku ufuko wote wa Langosteira, ambao una karibu kilomita 2, na jioni nikafika kwenye mnara wa taa uliojengwa 1853, lilipo jiwe lenye maandishi ya kilomita 0.00. Zamani watu walikuwa wakichoma nguo na viatu vyao hapo. Siku hizi imekatazwa, na sisi tuliokulia karibu na misitu ya kupandwa hatuhitaji kuelezwa sababu.

Sasa swali lako. Wewe kila ulipotembea mbali, kulikuwa na kitu kilichokutoa nyumbani: soko, zahanati, msiba. Mimi sikuwa nimewahi kutembea siku nne nikiwa sina ninachokwenda kuuza, kununua wala kuzika, na nilitaka kujua mtu huwaza nini akiwa katika hali hiyo. Siku mbili za kwanza niliwaza miguu tu. Baada ya hapo niliwawaza sana watu wa bara waliotembezwa kwenda pwani, kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, karibu kilomita 1,200, wengine wakiwa wapagazi na wengine wakiwa na minyororo shingoni. Wao bahari haikuwa mwisho wa safari yao, na hakuna aliyewagongea mhuri kwenye kijitabu kama tunavyogongewa sisi mahujaji njiani.

Wewe mwenyewe bahari hujaiona. Nimefikiria mwezi wa Agosti, ukishamaliza kuvuna, tupande basi hadi Bagamoyo, tulale, na asubuhi tuanzie kwenye magofu ya Kaole, ambayo yako kilomita 5 hivi kutoka mjini, tutembee polepole hadi kwenye msalaba ulio ufukweni kwa kumbukumbu ya wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika hapo 1868. Nauli ni juu yangu. Ngata iache nyumbani, na tafadhali usinunue viatu vipya.

Mtoto wa kaka yako.