Salamu za Krismasi kutoka Marangu, kwa njia ya Seoul na Paris

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na mwaka mpya.

Nimefika Marangu salama. Mlionipigia juzi mkanikosa mniwie radhi, simu ilizima tukiwa Same, na chaja ya kwenye kiti ilikuwa pambo tu. Sina ugomvi. Desemba ukipata kiti chochote pale stendi ya Mbezi, keti ushukuru, maana kila Mchagga mwenye nauli anapanda kwenda kuhesabiwa, na asiye na nauli amekopa.

Juu ya kichwa cha dereva luninga ilikuwa ikionyesha tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mama niliyekaa naye, mfuko wa mchele miguuni na mjukuu mapajani, alishawajua watu wa familia ile wote. "Huyo mama mkwe atamuua yule binti kwa maneno," aliniambia. Nikaitikia kwa adabu, mkononi nimeshika karatasi za kazi. Nimepewa mkataba wa kutafsiri, unatakiwa wiki ya kwanza ya Januari: ule wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, wa mwaka 2005, wa kulinda na kukuza utofauti wa kazi za kitamaduni. Tangu Chalinze nilikuwa nimekwama Ibara ya 20, na kila nikiinua macho nakutana na Wakorea. Ndiyo sababu salamu za mwaka huu zinapitia kwao. Wakorea na ibara hiyo wanajuana vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Oktoba 2005, mjini Paris, nchi 148 ziliupigia mkataba ule kura ya ndiyo, 4 zikajizuia, na 2 zikakataa: Marekani na Israeli. Marekani ilikuwa imerudi UNESCO miaka miwili tu kabla ya hapo, baada ya kususa tangu 1984. Siku chache kabla ya kura, waziri wake wa mambo ya nje, Condoleezza Rice, aliwaandikia mawaziri wenzake akiwaomba wasiharakishe. Hofu ilikuwa biashara. Kwa Marekani filamu ni mali ya kuuza nje, na nchi nyingine zikipata kisingizio cha utamaduni zitafunga milango. Kanada na Ufaransa, walioubeba mkataba mabegani, nao hawakuanza na mashairi. Kanada ilikuwa na kidonda: ilitoza kodi ya asilimia 80 kwenye matangazo yaliyowekwa ndani ya matoleo maalumu ya majarida ya kigeni, ili magazeti yake yasife njaa, na mwaka 1997 Shirika la Biashara Duniani, WTO, likaamua kwamba kodi ile inavunja sheria za biashara.

Basi Ibara ya 20 ikaandikwa ili kila mtu atoke chumbani akitabasamu. Aya ya kwanza inasema mkataba huu hauko chini ya mkataba mwingine wowote. Aya ya pili inasema hakuna neno humu litakalobadili haki na wajibu wa nchi katika mikataba mingine. Inauma huku inapuliza. Kichwa cha ibara kina mambo matatu, nami nimeandika "kusaidiana, kukamilishana na kutokuwa chini". Hilo la mwisho nimelifuta mara nne, maana sentensi ikishasema siko chini ya mtu, halafu ikaahidi kutogusa chochote cha mtu huyo, mtafsiri naye anabaki ameshika kalamu hewani. China ilijaribu kuutaja mkataba huo ilipokuwa ikibanwa WTO kwa jinsi ilivyozuia vitabu na filamu za nje. Mwaka 2009 ikashindwa.

Lakini cha Wakorea ndicho kinachonikaa rohoni. Kwao kulikuwa na sheria: kila jumba la sinema lionyeshe filamu za nyumbani siku 146 kwa mwaka. Haukuwa ujanja, hata GATT, mkataba wa biashara ya dunia wa 1947, iliruhusu mgawo wa namna hiyo. Marekani iliuchukia miaka na miaka. Mwaka 1999, habari za kuupunguza zilipovuma, waongozaji wa filamu walinyoa vipara hadharani. Kule Paris Korea Kusini ilisema ndiyo pamoja na wengi. Miezi mitatu na siku chache baadaye, Januari 2006, serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba siku 146 zitakuwa 73, kwa kuwa Marekani ilitaka hilo kwanza ndipo ikae kuzungumza biashara huria. Februari mwigizaji Choi Min-sik akairudisha nishani ya utamaduni aliyotunukiwa na serikali. Julai mosi zile 73 zikaanza, na mkataba wa biashara uliotiwa saini 2007 ukazipigilia msumari hapo: zisipande tena. Mkataba wa utamaduni wenyewe Korea iliuridhia mwaka 2010, mambo yameshaisha.

Najua mtaniuliza, sasa mbona tamthilia zao zimefika mpaka kwenye basi la Moshi? Kwa maoni yangu mgawo ulikuwa umeshafanya kazi yake, ndama alikuwa ameacha kunyonya. Sisi ndama wetu bado ananyonya, tena kwa kugombania.

Asubuhi ya leo mzee alinituma mpakani mwa shamba nikakate sale. Ndugu wawili wa ukoo wetu hawasalimiani tangu Pasaka kwa ajili ya migomba minne, na mzee hataki ndafu iliwe na watu waliopeana visogo. Kwa wasioujua, sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kutenganisha kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo huu na la ule. Mmea huohuo, ukikata jani lake ukalifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, kukukataa ni aibu kwake. Nikiwa nimeinama na panga nikacheka peke yangu: nadhani waliokesha na ile ibara walikuwa wanatafuta mmea wa namna hii, mpaka na msamaha shina moja. Ila sisi tuna wazee wa kulikalia jambo. Mkataba wao una tume ya usuluhishi ambayo nchi inaweza kuikataa siku ileile inaporidhia, na upande wa pili WTO, ijapokuwa rufaa zake zimekwama tangu 2019, inaweza kukuruhusu umlipize mwenzako kwa ushuru. Mtu mwenye akili anajua kesi aipeleke wapi.

Wale ndugu wawili wamesalimiana, kama mnataka kujua. Kwa vidole tu, lakini wamesalimiana.

Jioni wajukuu wa Dar walishuka kwenye gari, babu akawapokea: "Shimboni!" Mdogo akamjibu, "Poa babu!" Tukacheka, mzee naye akacheka, ila nilimwona akiangalia pembeni. Katika hili hakuna wa kumpelekea barua Washington. Kiswahili hiki kinachonoga midomoni mwa Wakorea ndicho kilichokimeza Kichagga sebuleni kwetu, na hatukupiga kura yoyote.

Niwape na ya nyumbani, kisha nikaonje mbege. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2007, Tanzania 2011. Ndani ya WTO sisi hatukuahidi kitu juu ya filamu wala muziki. Katika huduma tulifungua hoteli za nyota nne kwenda juu, basi. Kwa hiyo upande huo mikono yetu haijafungwa. Ninapopaangalia ni karibu zaidi, kwenye Eneo Huru la Biashara Afrika, ambako sekta tano za huduma zimewekwa mbele: huduma za kibiashara, mawasiliano, fedha, utalii na usafirishaji. Utamaduni huuoni humo. Lakini katika orodha ya WTO, ambayo ndiyo kawaida ya kugawia mafungu, filamu na matangazo ya redio na televisheni vimo ndani ya kapu la mawasiliano, bega kwa bega na posta na simu. Mwenye rafiki wizarani amnong'oneze alipekue kapu hilo mpaka chini kabla ya kusaini ahadi zozote.

Mtori umeiva, naitwa. Wa Kilema na Mwika karibuni kesho, mbuzi yupo. Mlio mbali, Nairobi, Muscat, Minneapolis, tunawataja mezani kila mwaka na mwaka huu pia. Na jambo moja nawaomba: yule mama alishuka Himo kabla binti hajajua nani baba yake, akaniachia namba nimweleze itakavyokwisha. Mimi nami nilisinzia. Aliyeimaliza tamthilia ile anitumie ujumbe.