Barua kwa Mwanangu, Kutoka Pratunam

Bangkok, Alhamisi, 24 Agosti 2023

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza juzi usiku, nimekaa kitandani, miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Siku nzima nilikuwa napanda na kushuka ngazi za jengo la maduka la Platinum na kuzunguka vichochoro vya nyuma yake, nyayo zinawaka moto. Dakika nne umefoka kuhusu uchaguzi wa hapa Thailand, na mara tatu umeuliza lile lile: "Mama, sasa aliyeshinda yuko wapi?" Mwisho ukaapa kwamba hutapiga kura tena, hata ya kiongozi wa darasa. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nikikujibu kwa simu nitakukata maneno, nawe utanikata, tuishie kununiana kama siku ile ya harusi ya binamu yako. Nimenunua daftari, naandika. Barua nitakupa mkononi nikirudi.

Mimi ni mzima. Mvua ni ya kila jioni, na mzigo umechelewa siku mbili kwa wakala. Jirani na hoteli pamefunguliwa duka la bangi, la tatu mtaa huu, lina kioo kisafi na taa za kijani, utadhani ni la dawa. Nyanyako usimwambie. Chama kilichopigania bangi ihalalishwe mwaka jana ni Bhumjaithai, na kiongozi wake, Anutin, ndiye waziri wa afya. Mweke pembeni, nitamrudia.

Mei nilikuwepo hapa, unakumbuka. Siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 14 Pita, yule kijana aliyetaka uwaziri mkuu, alipita barabarani juu ya gari, vijana wamevaa rangi ya chungwa, wengine wanalia kwa furaha. Katika viti 33 vya Bangkok chama chake, Move Forward, kilichukua 32. Hata muuza embe wa kona, ambaye miaka yote hii sijamsikia akitamka jambo la siasa, alikuwa amefunga kitambaa cha chungwa kwenye mkokoteni.

Lakini wewe mtoto wa duka, hesabu unaijua. Bunge lao lina wabunge 500. Move Forward ilipata 151, Pheu Thai ya akina Thaksin, yule waziri mkuu aliyepinduliwa 2006, ikapata 141, Bhumjaithai 71. Chama cha Prawit kilipata 40, na kile alichohamia Prayut kilipata 36. Hao wawili ni majenerali wastaafu, na watu hapa huwaita "lung", jina la kaka mkubwa wa baba au mama. Aliyekuwa wa kwanza hakuwa na hata theluthi ya bunge. Kwa hiyo alishinda, ndiyo, lakini alishinda haki ya kwenda kubisha milango ya wengine. Wewe uliona chungwa limejaa barabarani ukadhani limejaa na bungeni.

Milango akaibisha, tena haraka. Tarehe 22 Mei vyama 8 vyenye wabunge 312 vilitia saini hati ya maelewano ya kuunda serikali pamoja. Siku hiyo waliichagua makusudi: ni tarehe ile ile jeshi, chini ya Prayut, lilipopindua serikali mwaka 2014. Mwaka ule nilikuwa hapa hapa, kafyu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, tukala noodles za pakiti chumbani kama wanafunzi wa bweni. Katika hati hawakuligusa suala la Kifungu cha 112, ile sheria inayoweza kumfunga mtu miaka 15 kwa kila kosa la kumkashifu mfalme, malkia au mrithi wake. Move Forward walitaka ilegezwe, wenzao wakaogopa, wakaliacha nje ya karatasi.

Niliposikia "hati ya maelewano" moyo wangu uliruka, wacha nikuambie kwa nini. Mwaka 2002 na sisi Kenya tulikuwa na yetu. Kambi ya Kibaki na kambi ya Raila zilitia saini kabla ya uchaguzi, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Wewe ulikuwa tumboni, ulipiga teke siku ya kuapishwa. Kabla hujaanza kutembea tayari walikuwa wakigombana kuhusu nani aliahidiwa nini, na kufikia kura ya maoni ya 2005 wakawa ndizi, alama ya ndiyo, upande huu na chungwa, alama ya hapana, upande ule. Basi mimi karatasi ya namna hiyo naisoma kama ninavyosoma risiti ya mzigo ambao bado uko majini.

Wakaanza kuvutana hata kabla serikali haijakuwepo. Kiti cha Spika Move Forward walikitaka, Pheu Thai walikitaka. Mwishowe wakampa mtu wa tatu, mzee Wan Muhamad Noor Matha, Mwislamu wa Yala kule kusini, ambaye chama chake kina wabunge 9 tu. Nilifurahi, sikatai. Lakini vyama viwili vikubwa vikishindwa kuaminiana kwa kiti cha kugonga nyundo, vya wizara vitagawanywaje?

Ya Julai uliyafuatilia kuliko mimi. Nilikuwa dukani Mombasa, wewe ndiye ulikuwa unanisogezea simu usoni wateja wakisubiri chenji. Tarehe 13, siku ya kumchagua waziri mkuu, waliitwa jina baada ya jina, kila mmoja anasimama na kutamka anakubali, anakataa au hana kura ya kutoa. Pita alihitaji 375, akapata 324. Ukanishika mkono: "Mama, wabunge wake si wanatosha?" Wanatosha kwa wabunge 500. Tatizo ni kwamba siku ya kumchagua waziri mkuu wanaingia na maseneta, safari hii 249, ambao hawakuchaguliwa na mwananchi yeyote, waliwekwa na wanajeshi. Katika hao 249, waliompa Pita ni 13.

Hapo ndipo naomba unisikilize, maana wewe umeng'ang'ania kwamba kura ziliibwa. Mwanangu, kura hazikuibwa. Zilihesabiwa, zikatangazwa, na kila mtu aliyajua matokeo usiku ule ule. Kufuli lilitiwa zamani. Agosti 2016, chini ya serikali ya kijeshi, watu walipelekwa kwenye kura ya maoni ya katiba, waliojaribu kuipinga hadharani wakikamatwa. Kulikuwa na swali la pili kwenye karatasi ile ile, limeandikwa kwa maneno marefu ya kuchosha, kama maseneta washiriki kumchagua waziri mkuu kwa miaka 5 ya mwanzo. Wengi waliopiga kura wakajibu ndiyo. Uchaguzi wa 2019 ulipofika, maseneta 249 walimpa Prayut, na yule mmoja aliyebaki ni mwenyekiti wao, ambaye hakupiga upande wowote. Muda wao unakwisha Mei mwakani. Yaani Pita amekosa mlango kwa miezi kama 10.

Mwaka ule nilipochanga mzigo na wenzangu wanne, sote tulitoa pesa sawa, tukaandikishana, tukala na wali. Ufunguo wa stoo akabaki nao mtu ambaye hakuchanga hata shilingi. Yaliyofuata unayajua, uliuza mandazi shuleni muhula mzima. Siulaumu mkataba wetu, ulikuwa mzuri. Sikuuliza ufunguo unalala kwa nani.

Tarehe 19 Julai wakammaliza Pita. Asubuhi wanabishana kama anaweza kupendekezwa mara ya pili, mara Mahakama ya Katiba ikamsimamisha ubunge kwa sababu ya hisa 42,000 za kituo cha televisheni cha iTV, ambacho kilizimwa mwaka 2007. Hisa za mirathi ya babake, anasema alikuwa msimamizi tu. Aliweka kitambulisho chake mezani, akainua ngumi, akatoka. Jioni bunge likaamua kwamba jina lake halirudi tena. Siku ile ulikataa kula.

Sasa tufike kwa Pheu Thai, maana hao ndio unaowatukana kwenye simu mpaka mimi naona haya. Tarehe 2 Agosti walitangaza kwamba wanaachana na Move Forward na kutafuta wenza wapya. Hata kabla ya hapo walishaanza kuwaita mahasimu makao makuu yao, mmoja baada ya mwingine, wakapigwa picha wanakunywa chokoleti ya minti, kinywaji cha mkahawa wa hapo hapo chamani. Basi, mwanangu, minti ikawa siasa! Mikahawa mingine ikatangaza haiuzi tena. Waandamanaji wakaimwaga chini. Mimi kwenyewe juzi niliiagiza bila kufikiri, msichana wa kaunta akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Waliokubali kuja mezani wana masharti. Bhumjaithai ya Anutin, na bangi yake, walisema hawakai na chama kinachogusa Kifungu cha 112. Na pembeni wakaja wale wawili wenye majina ya baba wakubwa, chama cha Prawit na kile alichohamia Prayut. Hao ndio watu ambao Pheu Thai kwenye kampeni walisema hawatashika nao mkono. Vyama 11, wabunge 314. Hesabu inakaribiana na ile ya mwanzo, 312, lakini hii ilikuwa na ufunguo ndani.

Juzi Jumanne nilikuwa kibandani kwa yule mama wa blauzi, ninayemwita phi, dada mkubwa. Ana televisheni ndogo juu ya rafu ya hanga. Asubuhi ikaonyesha ndege binafsi ikitua Don Mueang, na Thaksin, baada ya miaka 15 nje, akipiga magoti mbele ya picha ya mfalme. Wakampeleka mahakamani, kisha gerezani, miaka 8. Alasiri televisheni ile ile ikaonyesha bunge, jina baada ya jina, wakimchagua mgombea wa Pheu Thai, Srettha Thavisin, tajiri wa majumba. Kura 482. Maseneta waliompa ni 152. Julai hadi Agosti, bunge lile lile, watu wale wale: 13, na sasa 152. Sihitaji wakili anifafanulie, na wewe unayesomea sheria usinifafanulie.

Nilimtazama phi. Yeye ni wa Udon Thani, kaskazini mashariki, shati jekundu, yaani mfuasi wa Thaksin, wa tangu zamani. Mwaka 2010 mashati mekundu walipokita kambi pale njia panda ya Ratchaprasong, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kibanda chake, alikuwa anafunga duka saa 10 na kwenda kukaa nao. Tarehe 19 Mei jeshi liliingia. Katika majuma yale waliuawa watu zaidi ya 80. Mzigo wangu ulikwama siku tisa, nikalalamika weee, mpaka aliponiambia ametoka kuzika. Nyuma ya kibanda ametundika kile kidude cha plastiki chenye umbo la nyayo walichokuwa wakikipiga kwa kelele kwenye mikutano. Binti yake, umri wako, Mei alipiga chungwa, na nyumbani hawakusemezana wiki nzima.

Nilidhani atafurahi, mtu wake amerudi na chama chake kimeshika serikali. Alipunguza sauti ya televisheni, akaendelea kukunja blauzi zangu. Baadaye kwa Kiingereza chetu cha sokoni akaniambia: "Tangu 2001 tunashinda, wanapindua. Tunashinda, mahakama inavunja chama. Binti yangu hajui kuchoka." Akakunja mbili tatu zaidi. "Lakini hawa niliowazika, ningewaambia nini?"

Ndiyo maana siwezi kuwatukana kama unavyotaka. Mapinduzi ya 2006, vyama kuvunjwa 2007 na 2008, dadake Thaksin kuondolewa uwaziri mkuu na mahakama 2014 na jeshi kufuata nyuma. Mtu aliyefukuzwa nyumbani mara zote hizo akiambiwa ingia, lakini kula sahani moja na waliokufukuza, atafikiria. Nakubali atafikiria. Ila angewauliza kwanza akina phi, na hakuwauliza. Siku ya Mei alichukua kura zao kwa neno moja, Agosti amezitumia kwa neno jingine, na hiyo mimi kwenye biashara nina jina lake, silisemi kwa mtoto.

Serikali hii itadumu? Vyama 11 na wizara za kugawana, Pita na wabunge wake wamekaa upinzani wakiwatazama, binti wa phi ana chungwa lake kabatini. Usiniulize mimi, mimi nauza blauzi.

Jana jioni mvua ilipokatika nilitembea, nikavuka mfereji wa Saen Saep mpaka Ratchaprasong kununua zile dawa za nyanyako. Waandishi wamejaa kando ya barabara, kamera zimeelekezwa juu ya hospitali ya polisi. Thaksin hakulala gerezani hata usiku mmoja mzima, wamesema moyo na presha, wakamleta hapo. Hospitali hiyo iko kwenye njia panda ile ile. Dirisha lake, kama linatazama barabara, linatazama pale walipokuwa wamekaa akina phi.

Mzigo ni robota 3, utafika Jumatatu ijayo. Nenda na babako, usiende peke yako. Blauzi za chungwa ni 24, nimekuchagulia moja, saizi yako. Zilizobaki weka mbele dukani.

Mamako