Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usipampu throtoli propela ikiwa imesimama

Mpwa wangu,

Salamu sana. Nasikia umeanza kujifunza urubani kwenye Cessna 172 ya miaka ya 1970, ile ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kuna watakaokuambia: "Pampu throtoli mara tatu, piga stata." Usiwasikilize.

Kabureta ya injini hiyo iko chini, hewa inapanda kutoka humo kwenda kwenye silinda. Kila ukisukuma throtoli, yaani kitasa cha kuongeza nguvu ya injini, pampu ndogo ndani ya kabureta inarusha petroli. Injini ikizunguka, hewa inayovutwa inaibeba petroli hiyo juu. Ikiwa imesimama, petroli inateremka, inalowesha boksi la hewa na kichujio, pengine inadondoka hadi chini. Ukipiga stata, injini ikirudisha moto hata mara moja kupitia vali za kuingizia hewa, mwali unakuta mafuta tayari.

Tumia praima, pampu ndogo ya mkono inayopeleka mafuta karibu na vali za silinda. Kitabu cha ndege kinasema mipigo 2 hadi 6 injini ikiwa baridi, na usipige kabisa ikiwa na joto. Hiyo 6 naona ni ya nchi za theluji. Hata Nairobi mwezi wa Julai, anza na 2. Kisha ifunge praima sawasawa, maana isipofungwa injini itaendelea kunyonya mafuta kupitia humo. Throtoli ifungue kama milimita 3 tu.

Injini ikishika na kuacha, huku ekzosi inatoa moshi mweusi, imezidiwa mafuta. Usiongeze praima! Subiri, chungulia chini ya pua ya ndege kama kunadondoka. Pakikauka, vuta kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mwisho ili kukata mafuta, fungua throtoli yote, zungusha injini kwa stata ili mafuta ya ziada yatoke.

Na moto ukiwaka kwenye kabureta? Mkono utataka kuachia ufunguo. Usiuachie. Injini inayozunguka inavuta mwali na mafuta yaliyobaki hadi ndani ya silinda, mahali pake hasa. Injini ikiwaka, iache kwenye mizunguko 1700 kwa dakika, kwa muda wa dakika chache, izime, ikaguliwe. Ikikataa, vuta kitasa chekundu, sukuma throtoli yote, endelea na stata. Moto usipokufa, funga mafuta, zima magneto (zinazozalisha cheche za plagi) na swichi kuu, toka ukielekea mkiani.

Mtungi wa kuzimia moto uwe nje, mkononi mwa mtu anayekutazama, kwa sababu ukiwa kwenye kiti huoni chini ya injini. Wa kaboni dioksaidi ni bora. Wa unga unakula alumini, ingawa kama ni huo tu uliopo, upulizwe. Baadaye, hata moto ukiwa ulidumu sekunde chache, usiruke kabla fundi hajafungua kava ya injini na kutazama kichujio, mabomba ya mpira ya mafuta na nyaya.

Mjomba wako