Mwanangu, hiyo "if" usiikariri

Sakina, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika salama. Baba yako anakusalimu, na bibi yako wa Machame anauliza kama sweta imekutosha, maana aliyafuma mabega kwa kukisia. Mdogo wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kupigwa picha. Hela ya madaftari nimempa mjomba wako, atapita hapo shuleni Jumamosi.

Sasa hilo la Kiingereza. Unasema mwalimu amewapa aina tatu za sentensi za masharti, umezikariri zote, na kwenye jaribio bado ukachanganya ya pili na ya tatu. Sishangai. Umekariri maumbo bila kujua yanafanya kazi gani. Mimi, kama ujuavyo, kutwa nzima najibu barua za wageni wanaotaka safari za mbugani, na katika barua hizo "if" ndiyo inayoniambia kama mgeni amekusudia kuja au anapiga hesabu za ndoto tu.

Mgeni mmoja ataandika: "If we come in February, will we see the wildebeest calves?" Mwingine ataandika: "If we came in February, would we see the wildebeest calves?" Wanauliza jambo lile lile, na jibu ni lile lile: ndiyo, nyumbu huzalia kwenye nyasi fupi za Ndutu, upande wa kusini wa Serengeti, na Februari ndiyo kilele chake. Ila siwajibu sawasawa. Huyu wa "come" na "will" yuko karibu. Februari anaiona kwenye kalenda yake. Namtumia bei siku hiyo hiyo na kumwambia kambi za Ndutu zinajaa mapema. Huyu wa "came" na "would" bado anaonja. Namtumia maelezo mazuri na picha, habari za malipo ya awali naziacha kwanza. Sisemi nawapatia wote, maana wapo wanaosema "would" kwa adabu tu na kesho yake wanalipa. Lakini mara nyingi kitenzi kinaniambia kweli.

Itazame hiyo "came". Hapo ndipo mlipokwama darasani: kwa nini wakati uliopita, na Februari yenyewe haijafika? Ni kwa sababu kitenzi cha Kiingereza hakina mahali pa kuchomeka kitu kama -nge- yetu. Basi kinachofanyika ni kukirudisha kitenzi hatua moja nyuma: "come" inakuwa "came", "will" inakuwa "would". Hatua hiyo si ya kalenda. Ni msemaji anayejitenga kidogo na jambo analolisema, kama mtu anayesogea nyuma dukani asije akadhaniwa ameshakubali kununua. Na kama jambo lenyewe lilikuwa la jana, kitenzi tayari kiko nyuma, kwa hiyo kinarudi hatua nyingine tena: "If we had come in February, we would have seen the calves." Hawakuja, hawakuona. Hapo ndipo inapoingia ile safu ya tatu mliyoimbishwa tangu msingi, "go, went, gone".

Ukiishaielewa hatua hiyo ya kurudi nyuma, aina zako tatu (ya kwanza "come" na "will", ya pili "came" na "would", ya tatu "had come" na "would have") hazihitaji tena kukaririwa. Zinajitengeneza zenyewe.

Sasa nikwambie kwa nini unachanganya ya pili na ya tatu, maana si wewe peke yako. Vitabu vya sarufi vinatenga "ningekuja" na "ningalikuja": ya kwanza kwa la sasa, ya pili kwa lililokwisha pita. Lakini ni nani hapa Arusha anayesema "ungaliniambia jana"? Tunasema "ungeniambia jana ningekusubiri stendi", na tunaelewana vizuri kabisa. -nge- imeshameza kazi zote mbili, kwa hiyo kichwani mwako hizo ni kitu kimoja, na mkono unaandika chochote kinachotangulia. Kabla hujaandika, jiulize: nasema la jana lililokwisha, au la leo na kesho? La jana, "had" kwenye sharti na "would have" kwenye matokeo. La leo au la kesho, "came" na "would". Ile "jana" ya stendi basi itakuwa: "If you had told me yesterday, I would have waited for you at the bus stand."

Mtego mwingine pia unatoka nyumbani kwetu. Sisi -nge- tunaiweka pande zote mbili: ningekuwa na hela, ningekuja. Mtoto wa Kiswahili akitafsiri neno kwa neno anaandika "If I would have money, I would come", na mwalimu anachora msitari mwekundu. Katika mtihani "would" inakaa upande wa matokeo peke yake. Upande wa "if" unaweka "had". "Will" nayo ni hivyo hivyo. Tunapenda kusema "kama utalipa kesho", basi watu wanaandika "If you will pay tomorrow". Iondoe hiyo "will", kesho itajieleza yenyewe: "If you pay tomorrow, we will hold the room." Utaniona mimi mwenyewe nikiwaandikia wageni "If you would kindly send us a copy of your passport". Hiyo ni ombi la heshima, ni kumwambia mtu akipenda afanye, nayo inaruhusiwa. Ila kwenye mtihani iache, usije ukabishana na msahihishaji ambaye hayupo.

Hili linalofuata huenda halimo kwenye daftari lako, na laiti mngefundishwa. Kijana mmoja mpya hapa ofisini alimwandikia mama wa Uingereza: "If you arrive at Kilimanjaro Airport, our driver will be waiting for you." Kwa Kiswahili chake hakuna kosa hata chembe. Ukifika KIA, dereva atakuwa anakusubiri. Yule mama akajibu kwa mistari miwili, anauliza kama kuna tatizo lolote na ndege za kuja KIA. Umeona? -ki- yetu inabeba mambo mawili, la huenda na la hakika. Nikikwambia "ukifika Moshi nipigie", sina shaka kwamba utafika. Kiingereza kinataka uchague. La hakika, "when". La huenda, "if". "When you arrive, our driver will be waiting. If your flight is late, he will not leave." Ndege kufika ni hakika, kuchelewa ni huenda. Tangu siku hiyo kila barua yenye "if" na uwanja wa ndege inapita kwanza mezani kwangu.

Na pesa pia zinakaa humo humo. Kwenye masharti ya kughairi safari tunaandika "If you cancel before that date, we will refund your deposit." Ukiweka "would" mahali pa "will" umebadilisha ahadi ikawa dhana, mteja makini atakuuliza, mngerudisha kama nini kingetokea? Ndiyo maana mikataba haipendi "would".

Ile aina ya tatu utaikuta zaidi kwenye malalamiko. "If your driver had left Arusha on time, we would have reached the Ngorongoro gate before it closed." Isome polepole. Hakuna mahali mgeni aliposema dereva alichelewa, wala kwamba walikuta lango limefungwa, wala kwamba kosa ni letu. Lakini yote matatu yamo, na yamo kwa namna ambayo ni vigumu kuyakana. Mimi nami humjibu kwa umbo hilo hilo: "If the rain had not cut the road, the driver would have reached your hotel by six." Tunabishana kwa heshima, kila mtu na "had" yake. Kwa lugha nyingine isiyo na umbo hili ningelazimika kumwambia mgeni waziwazi kwamba hasemi kweli, na hilo si zuri kwa biashara.

Kuna inayochanganya nyakati, ambayo mwalimu atawapa baadaye, lakini wewe ichukue sasa, ni rahisi ukiwa na mfano wa nyumbani. "If Grandmother had sold the kihamba, we would be living in Njiro now." Kuuza kihamba, yaani shamba la ukoo, ni kwa zamani, ndiyo maana "had sold". Kuishi Njiro ni kwa leo, ndiyo maana "would be living", bila "have". Kila upande unafuata wakati wake. Usimsomee bibi sentensi hii, anaweza kudhani tumelijadili.

Mengine ni madogo. Jambo la siku zote, sharti na matokeo yote yanakuwa wakati uliopo: "If it rains, the black soil sticks to the tyres." Kwenye la kudhania andika "were" kwa watu wote, "If I were you", Waingereza wengi wakizungumza husema "was", nawe utawasikia, lakini mtihani unataka "were". Sharti likitangulia weka mkato, matokeo yakitangulia usiweke. "Unless" tayari ina "not" ndani yake, usiiongezee nyingine kama hukusudii kukanusha mara mbili. Na ukikutana na "Had we known" au "Should you need anything" bila "if" yoyote, usishtuke: "if" imeondolewa na kitenzi kimehamia mbele. Ni Kiingereza cha barua, kukielewa kunatosha kwa sasa.

Nakuandikia sentensi tatu za namna ninazozipokea kwa wageni. Niambie kila mmoja yuko wapi: nani nimshikie chumba leo, nani nimbembeleze, na nani nimpe pole tu.

"If the price were lower, we would bring our parents too."

"If you confirm today, I will pay tomorrow."

"If I had packed a warm jacket, I would have enjoyed the crater rim."

Huyo wa mwisho ni halali yake. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi baridi yake haina utani. Kisha uzigeuze zote tatu kwa Kiswahili, halafu utunge zako tatu za kwako kuhusu bweni, na ziwe za kweli, si za kitabuni.

Mpe mjomba wako majibu hiyo Jumamosi, na kwenye karatasi hiyo hiyo uandike namba yako ya viatu. Nitapita soko la Kilombero mwisho wa mwezi, na safari hii sikisii.

Mama yako