Mama, kahawa ising'olewe kwanza

Mama shikamoo, na baba shikamoo yake umfikishie. Mi mzima kabisa, baridi tu ndo inatutesa, juzi natoka zamu ya usiku nikakuta theluji inanifika kwenye vifundo vya miguu. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Kumbe kaka anataka kung'oa kahawa yote ya upande wa barabarani ajenge gesti ya madereva wa malori ya makaa, na wewe unaniuliza mimi eti kwa sababu naishi mji wa makaa ya mawe. Nimeona niandike kabisa, maana kwa simu kaka ataingilia na tutaishia kugombana.

Mama, mji huu makaa walishaacha kuchimba. Unaitwa Wałbrzych, upo kusini magharibi mwa Poland karibu na mpaka wa Cheki. Mpaka 1945 ulikuwa Ujerumani, jina lake Waldenburg, vita ilipoisha mpaka ukasogezwa, Wajerumani wengi wakafukuzwa wakaletwa Wapolandi wa mikoa ya mashariki iliyochukuliwa na Wasovieti, na wengine wakatoka Ufaransa na Ubelgiji walikokuwa wanachimba makaa. Baba wa babu anayekaa ghorofa ya chini yangu alikuja hivyo, kutoka Ufaransa. Huyo babu ndo rafiki yangu hapa, Kipolandi changu kibovu na Kiingereza hajui lakini tunaelewana tu.

Yeye aliingia mgodini kijana, mgodi ulikuwa unaitwa Thorez, jina la mkomunisti mmoja wa Ufaransa, wakomunisti walivyotoka madarakani wakaubadilisha ukaitwa Julia. Babu anasema ilikuwa kama kumvalisha mtu nguo mpya ya kuzikiwa, maana haikupita muda wakaufunga.

Na mji huu ulikuwa unachimba tangu enzi na enzi, yaani 1794 walishatoboa njia ya maji chini ya mlima, makaa yanatoka kwa mashua! Miaka ya babu migodi ilikuwa mitatu mikubwa na kila kitu kinaitegemea, nyumba, kliniki, timu za mpira, hata timu ya mpira wa kikapu ya hapa, Górnik, ilikuwa bingwa wa nchi 1982 na 1988. Nani angewaambia itaisha wangemcheka kama kaka atakavyonicheka mimi.

Sasa sikiliza hapa mama, makaa hayakuisha. Yapo chini huko mpaka leo. Ila matabaka yake membamba, yamejikunja, yako chini sana na gesi nyingi, kwa hiyo kutoa tani moja kulikuwa kunakula hela kuliko bei ya kuiuza, serikali ya zamani ilikuwa inajazia pengo, ikaja serikali mpya na mageuzi ya uchumi, ikasema hatujazii tena. Wakaanza kufunga mwanzoni mwa miaka ya 90, na 1996 kigari cha mwisho cha makaa kikatoka Julia. Miaka michache tu, wanaume maelfu nyumbani, na wake zao viwandani nao wanapunguzwa.

Kilichofuata babu hapendi kukisimulia akiwa hajanywa chai. Waliingia msituni na majembe. Wakachimba vishimo kama visima, wenyewe wanaviita biedaszyby, yaani mashimo ya ufukara, mmoja anashuka na kamba mwenzake anavuta ndoo juu, wanajaza viroba wanauza kwa watu wa kuwashia majiko ya baridi. Polisi wanakuja wanachukua viroba. Na udongo ukiporomoka ndo basi, watu walikufa humo mama, watu waliokuwa mafundi wenye vyeti vyao na sare za sherehe. Babu alichimba hivyo miaka mitatu, ana kovu hapa juu ya jicho.

Ahueni ilikuja pole pole. 1997 serikali ikatenga eneo maalumu la uwekezaji, ukija kujenga kiwanda unapunguziwa kodi, Toyota wakaja na 2002 wakaanza kutengeneza gia boksi, wengine wakafuata, ndo mpaka mimi mtoto wa Mbinga nimepata kazi ya kupanga vipuri huku. Julia yenyewe ni makumbusho sasa, tangu 2014, watalii wanapiga picha pale babu alipokuwa anaoga mavumbi. Ila waliohama hawajarudi, mji ulikuwa na watu kama laki moja na arobaini elfu, leo wamebaki kama laki moja. Na cha kuchekesha, kiwanda cha koki, yaani makaa yaliyookwa ya kuyeyushia chuma, bado kinafanya kazi hapa hapa, makaa yake yanaletwa kutoka kwingine.

Najua kaka atasema makaa yetu ya mgodi wa Ngaka, huko kwetu Mbinga, yanachimbwa juu juu kwa ekskaveta, gharama ndogo, siyo kama ya hawa. Kweli kabisa, hapo simbishii. Na viwanda vya saruji vya nyumbani vinayanunua. Lakini akumbuke 2022, Ulaya ilipoacha makaa ya Urusi kwa sababu ya vita, malori yakajaa barabarani na meli zikapanga foleni Mtwara, je kuna mtu kijijini alipanga hiyo? Bei iliyopandishwa na vita ya watu wengine inashushwa hivyo hivyo, na hatutaulizwa. Hawa hawa Wapolandi wenyewe 2021 walisaini na vyama vya wachimbaji kwamba migodi ya mwisho ifungwe 2049. Na mkahawa ukiung'oa leo ukapanda mwingine, ni miaka mitatu minne ndo uanze kuchuma.

Kwa hiyo gesti ajenge, sikatai, lakini kwenye kile kiwanja cha juu kilichobaki na magugu, vyumba vinne vya kuanzia vinatosha, siyo kumi na mbili. Mwezi ujao nitatuma hela ya bati. Mwambie anipigie Jumapili, Jumamosi nipo zamu ya usiku sitapokea. Na mkipata mtu anakuja Ulaya nipeni kahawa kilo mbili, ya kukaanga wenyewe, moja ya babu.