Barua kwa Rafiki: Duara la Poni Hutengenezwa Upande wa Nje

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima wa afya pamoja na wote ulio nao, mimi sijambo. Nimefurahi kusikia kwamba umekubali kuwafundisha watoto wanaopanda poni, yaani farasi wadogo, namna ya kupita katika maumbo ya dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa ustadi katika njia zilizopangwa, na kwa kuwa umeniuliza ni kanuni zipi ambazo mwalimu hapaswi kuzilegeza, nimeona heri nikuandikie kwa kirefu.

Kanuni niitangulizayo mbele ya zote ni kwamba umbo lolote lenye mviringo huongozwa kwa hatamu ya nje na mguu wa nje, yaani ule upande usioelekea katikati ya umbo, wala si kwa kuvuta hatamu ya ndani. Mtu mzima aliyepanda farasi mkubwa anaweza kuipuuza kanuni hii kwa muda na bado akafika anakokwenda, lakini mtoto aliye juu ya poni hafiki, kwa sababu poni wengi wana shingo fupi, nene na yenye nguvu, nao hujifunza upesi kwamba kichwa kinaweza kuvutwa mpaka kwenye goti la mpandaji huku kiwiliwili kikiendelea kwenda kinakotaka. Simama karibu na lango la uwanja utazame: poni anapolikaribia, bega lake la nje hutangulia kulielekea, shingo hukunjika upande wa ndani, na mtoto, akiona duara linapanuka, huvuta hatamu ya ndani kwa nguvu zaidi hadi mkono wake unavuka upande wa pili wa shingo. Hatimaye poni husimama langoni akitazama katikati ya uwanja, na mtoto hulalamika kwamba mnyama ni mkaidi. Kwa maoni yangu, mnyama huyo hana ukaidi wowote. Njia ya kutokea imeachwa wazi upande wa nje, naye ameitumia.

Dawa yake ni kuliacha duara kwa siku kadhaa na kupanda mraba. Mwambie mtoto aende moja kwa moja, shingo ya poni ikiwa imenyooka mbele ya kifua, kisha kwenye kila pembe ayageuze mabega ya poni kwa kusogeza mikono yote miwili kidogo kuelekea ndani, hatamu ya nje ikiigusa shingo na mguu wa nje ukikaa nyuma kidogo ya mkanda wa tandiko. Mguu wa ndani nao ubaki karibu na mkanda, ukisukuma mwendo mbele. Mraba humnyima mtoto nafasi ya kuvuta mfululizo, kwa kuwa baina ya pembe na pembe hana budi kunyoosha. Akishaweza hivyo katika mwendo wa kutembea, zipunguze makali zile pembe kidogo kidogo, na duara litajitokeza lenyewe.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo walimu wengi huwapoteza watoto. Uwanja mdogo wa dresaji una mita 20 kwa 40, na herufi zake za ukingoni, ukizunguka kwa mkono wa kulia, kama mshale wa saa, kuanzia A, ni A, K, E, H, C, M, B na F (A na C katikati ya pande fupi, E na B katikati ya pande ndefu), huku D, X iliyo katikati kabisa ya uwanja, na G zikiwa kwenye mstari wa kati bila kibao chochote cha kuzionyesha. Duara la mita 20 linaloanzia A hupita X, na hugusa pande ndefu mahali palipo mita 10 kutoka pembe, yaani mita 4 baada ya K, kwa kuwa K yenyewe iko mita 6 kutoka pembe. Mtoto ambaye hajaelezwa hili hugusa ukingo kwenye K, akaingia pembeni kana kwamba anazunguka uwanja mzima, na kwa hiyo umbo lake huwa nusu duara na nusu sanduku. Duara linaloanzia E au B huharibika kwa njia nyingine: kwa kuwa halina ukuta mfupi wa kulizuia, hurefuka kama yai kuelekea A na C, ilhali linapaswa kuukata mstari wa kati mita 10 tu kila upande wa X. Weka alama nne chini, moja kwa kila sehemu ya mguso, na usiziondoe mpaka macho ya mtoto yazoee.

Kuna zoezi moja la kuhesabu ambalo nalithamini kuliko maelezo yote ya mdomo. Mzingo wa duara la mita 20 ni karibu mita 63, hivyo baina ya alama moja na nyingine kuna takriban mita 16. Katika troti ya kuinuka, yaani mwendo wa mchakamchaka ambao mpandaji huinuka na kukaa kwa kufuata mapigo yake, mtoto huinuka mara moja kwa kila hatua kamili ya poni, basi ahesabu kwa sauti kila anapoinuka, kutoka alama hadi alama. Idadi yenyewe hutegemea urefu wa hatua za poni na haina maana kubwa. Kinachotakiwa ni robo zote nne zilingane. Robo yenye hatua nyingi kuliko nyingine ama imepanuka ama poni amepunguza mwendo hapo, na mara nyingi ni ile inayoelekea lango au inayotazama poni wenzake. Mtoto huligundua kosa mwenyewe, nawe huna haja ya kupaza sauti.

Macho yatangulie. Anapopita alama moja, mtoto awe tayari anaitazama ile inayofuata, kwa maana akitazama masikio ya poni, mabega yake huinama mbele na uzito wake hulemea upande mmoja. Vilevile maandalizi yaanze kabla ya herufi. Kanuni ya mashindano ni kwamba badiliko la mahali maalumu hufanyika pale mwili wa mpandaji unapokuwa juu ya herufi. Lakini ikiwa anaifikia herufi kwa njia ya mshazari au kwa kuukabili ukingo moja kwa moja, badiliko la mwendo hufanyika pua ya mnyama inapofika kwenye njia ya ukingoni, ili awe bado amenyooka. Poni ana hatua fupi na za haraka, kwa hiyo mtoto anayesubiri kuifikia herufi ndipo aanze kufikiri huwa ameshaipita. Wewe unayemsomea mpangilio, yaani orodha ya maumbo ya kupita, mtajie agizo herufi mbili kabla, kwa utulivu, wala usirudie mara tatu.

Pembe za uwanja zipandwe kama robo ya duara la mita 10. Kumlazimisha poni mchanga kuingia ndani zaidi ya hapo humvunja mwendo bila faida. Katika kubadili mkono, yaani upande wa kuzunguka, kwa mshazari, kwa mfano kutoka K kupitia X hadi M, amalize kwanza pembe, anyooke, aelekeze macho yake kabla kidogo ya M, na abadilishe kuinuka kwake kwenye X kwa kukaa pigo moja la ziada, ili daima awe anainuka mguu wa mbele wa nje unapokwenda mbele.

Umbo la nyoka lenye mipindo mitatu, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa mstari wa kati, ndilo litakalokuonyesha kama fundisho la upande wa nje limeingia. Kila mara poni anapoukata mstari wa kati hana budi kuukata wima, akiwa amenyooka kwa urefu wa mwili wake angalau, kisha mikono ya mtoto ibadilishane kazi, kwa kuwa hatamu iliyokuwa ya ndani sasa ndiyo ya nje. Watoto wengi huzibadili hatamu na kuisahau miguu. Wafundishe waanze na miguu, mikono ifuate, na nyoka huyo apitwe kwanza kwa kutembea hata kama wao wanatamani kukimbia.

Jambo jingine ni kumbukumbu ya poni, ambayo mara nyingi hushinda ya mpandaji. Poni akisimamishwa X kila siku, baada ya muda atasimama X bila kuombwa, na akizoea kuanza kanta, mwendo wa kasi kuliko troti, kwenye pembe ileile, atairukia kabla ya ishara. Kwa sababu hiyo usiwaache watoto wapitie mpangilio mzima wa mashindano mara kwa mara. Wafanye vipande vyake, kwa utaratibu unaobadilika, na mara nyingi waupite mstari wa kati bila kusimama kabisa. Wapumzishe pia kwa kutembea na hatamu ndefu, na badilisha mkono mara kwa mara, kwa kuwa duara dogo linalorudiwa upande mmoja huchosha viungo vya miguu.

Watoto wakiwa wengi uwanjani, mazoea ni kupishana mkono wa kushoto kwa mkono wa kushoto, anayetembea au kusimama aache njia ya ukingoni, na baina ya poni na poni kuwe na nafasi ya kutosha asiweze mmoja kumpiga mwenzake teke. Hilo la mwisho usilionee haya kulisemea kwa ukali.

Ikiwa wapo watakaofika kwenye mashindano ya kimataifa, kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, poni ni farasi asiyezidi sentimita 148 kwenye kilele cha mabega bila viatu vya chuma, na fimbo ya mpandaji wa poni, inayoruhusiwa kwenye uwanja wa mazoezi tu, isizidi sentimita 100. Fimbo hiyo ni ya kurefusha mguu mfupi wa mtoto, unaoishia kwenye tandiko na haufiki ubavuni: mguso mmoja ulio wazi nyuma ya mguu, kisha kimya. Waamuzi hutoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila kipengele, na hata poni mwenye mwendo wa kawaida tu hupata alama nzuri kwa duara lililoanza na kuisha mahali pake, alama ambazo poni mwenye mwendo wa kuvutia huzipoteza akipitishwa ovyo.

Nijulishe kama uwanja wako ni wa mita 40 au 60, kwa kuwa ule mrefu una herufi nyingine nne ukingoni, V, S, R na P, na miguso ya duara la A na la E hubadilika ikilinganishwa na herufi. Nikishajua, nitakuchorea maumbo yote kwa vipimo vyake na kukutumia.

Wasalimie wanafunzi wako.

Rafiki yako wa siku zote